Chungu cha Elfu Moja na Tisa

Kama hujawahi kumwona mtu mzima, mwenye bastola kiunoni, akigombana na namba, pole sana, umepitwa. Sisi tulimwona, pale Mwaya kando ya ziwa, miaka ya Wadachi, yaani Wajerumani, vita vikiwa bado havijaja. Alikuwa mkuu wao pale ufukweni, na jina lake lilikuwa refu na la kukwaruza koo, kwa hiyo tulimwita Bwana Safu, naye akadhani tumempa cheo.

Hakuwa mtu mbaya, maskini. Alikuwa na ugonjwa tu. Migomba yake aliipanda kwa kamba, na chipukizi lililothubutu kutokea nje ya mstari liling'olewa asubuhi hiyo hiyo. Wapagazi walilala kwa safu. Nasikia hata mbuzi wake walifundishwa kuingia zizini wawili wawili, ila hilo sikuliona kwa macho yangu, nisije nikamsingizia mkubwa wa watu.

Mimi ni Tusekile, mtu wa Ngana, ambako udongo ni wa kulima mpunga. Niliolewa ufukweni, ng'ambo kidogo ya Ikombe, ambako udongo ni wa kufinyanga. Mama mkwe wangu, Angetile, alikuwa mfinyanzi, na vyungu vyake vilijulikana hadi ng'ambo ya mto Songwe. Siku ya kwanza tu aliitazama mikono yangu akasema inafaa jembe na mwiko, basi. Hakuwa amebatizwa. Watu wa kanisa walipomjia kumhubiria aliwapa uji, akawaambia wakishiba wafunge mlango vizuri.

Mwanawe, yaani mume wangu, alikuwa wa aina nyingine. Zamani aliitwa Ambilikile. Baada ya ubatizo akawa Lameck, na ukimwita jina la zamani hakusikii, hata kama nyumba inaungua. Alikuwa mkuu wa mitumbwi ya kijiji, na mwaka huo alikuwa anangoja kufanywa mzee wa kanisa. Aliingoja siku hiyo vibaya sana. Alishaanza kutembea polepole kama mzee wa kanisa, na kukohoa kabla ya kusema.

Basi boma likaamuru kijiji chetu kilipe kodi kwa vyungu. Hawakutaja idadi, walisema vingi kadiri wanawake watakavyoweza mpaka kiangazi kiishe. Wanawake wakafinyanga mpaka vidole vikachubuka, na Lameck na wenzake wakavusha vyungu kwa mitumbwi hadi Mwaya, safari baada ya safari.

Sasa, mama mkwe alikuwa na desturi yake, aliyoirithi kwa mama yake. Katika mzigo wa mwisho wa msimu hutia chungu kimoja kitupu kisicho na nakshi, hakipakwi ngeu nyekundu wala chokaa. Hicho si cha mtu, ni cha ziwa. Mkifika katikati ya maji mnakishusha, kwa shukrani kwamba msimu mzima hakuna aliyezama. Hakuna ngoma wala kuku wa kuchinja. Unakishusha, unasema "ndaga," yaani asante, unaendelea kupiga kasia.

Safari ile ya mwisho nilikuwemo mtumbwini, nikienda kwetu Ngana kumwona mama yangu, mtoto wetu Rut nimemwacha kwa bibi yake. Alikuwemo pia Mwalimu Ezekia, mtu wa Katumba Songwe, aliyefundisha watoto wetu kusoma na kuhesabu. Hakuzijua desturi zetu, na Lameck hakutaka azijue. Tulipofika katikati, mume wangu alikitazama kile chungu cha mama yake, akamtazama Mwalimu, akakohoa. Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya kutisha samaki. Chungu cha ziwa kikavuka ziwa salama, kikateremshwa Mwaya pamoja na vingine, na karani wa pwani akakihesabu.

"Jumla," alitangaza karani, "vyungu elfu moja na tisa."

Siku hiyo Bwana Safu alikuwa katika homa yake kuu, kwa sababu mkubwa wake alikuwa njiani kuja kukagua, na alitarajiwa alasiri. Akaamuru vyungu vyote vipangwe mchangani, kumi kwa kila safu. Wapagazi wakapanga. Safu mia moja zikakaa sawa. Ya mwisho ikawa na vyungu tisa.

Bwana Safu aliitazama ile safu ya mwisho kwa muda mrefu, uso ukabadilika rangi.

"Hapa pana tundu," alisema.

"Ndiyo, Bwana," alisema karani, ambaye maishani mwake hakuwahi kusema neno lingine kwa Mdachi.

"Chungu kimoja kimeibwa. Nani mkuu wa mitumbwi?"

Lameck akajitokeza, akakohoa. Askari wawili wakamshika kabla kikohozi hakijaisha. Ndivyo mume wangu alivyogeuka mwizi wa chungu ambacho hakijawahi kufinyangwa. Nilipiga kelele, "Ebo! Kimeibwa kutoka wapi? Nani aliwaambia vitakuwa elfu moja na kumi?" Askari mmoja akaniambia ninyamaze, mwanamke, hii ni hesabu.

Mwalimu Ezekia akasogea mbele kwa heshima zote. Akasema, "Bwana, labda tujaribu kumi na mbili kwa safu." Bwana Safu akakubali, maana alipenda kuona watu wakipanga. Zikatoka safu themanini na nne zilizonyooka vizuri, na chungu kimoja kikabaki pembeni peke yake.

Ungedhani sasa Lameck ataachiwa. Kama kimezidi kimoja, kimeibwa vipi? Lakini akili ya serikali si ya kuchezea. Bwana Safu alimgeukia mume wangu, akatabasamu.

"Mwizi ameogopa. Amekirudisha."

"Kakirudisha saa ngapi," niliuliza, "na mikono kashikwa na askari wako?"

Akawageukia wapagazi, akaamuru kumi na sita kwa safu. Safu sitini na tatu, na kimoja kikabaki. Hapo alikasirika kweli, akakipiga kile kilichobaki kwa fimbo, si kwa nguvu ya kukivunja, ila kwa nguvu ya kukidhalilisha. Kisha akatoa hukumu yake. Hesabu haina uwongo, alisema, kwa hiyo mwongo ni mtu. Mkubwa wake akifika na kukuta safu haziko sawa, Lameck atapigwa hamsa ishirini hapo hapo, kisha atapandishwa milimani kufungwa gerezani bomani. Na mtu yeyote atakayepunguza au kuvunja chungu cha serikali ili safu zikae, atapata hivyo hivyo.

"Wewe mwalimu," alimwambia Ezekia, "tafuta safu yake. Kila namba ina safu yake."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano vya ngozi ya kiboko. Kuna wanaume ninaowajua waliovipata, na hadi leo hulala kifudifudi. Nikachuchumaa karibu na Mwalimu, roho mkononi, nikamwangalia akichora mchangani kwa kijiti.

"Mwalimu, unaitafuta au unaomba?"

"Vyote viwili, dada yangu." Jasho lilikuwa linamdondoka. "Sikiliza. Namba zina makabila. Kuna namba pole. Kumi na mbili, kwa mfano: inakubali mbili kwa sita, inakubali tatu kwa nne. Ukiipanga vyovyote inakaa. Kati ya hizo kuna zilizo mraba, upande na upande sawa. Tisa ni tatu kwa tatu. Kumi na sita ni nne kwa nne."

"Na ishirini na tano ni tano kwa tano," nilisema. "Viboko vyao vimepangwa vizuri, nawapongeza."

Hakucheka. "Halafu kuna namba kaidi. Saba. Kumi na moja. Kumi na tatu. Hizo ukizigawa vipi, zinakuachia salio. Zinakubali kukaa safu moja tu ndefu, au kila kimoja peke yake. Mimi huziita tasa, maana hazizai safu."

Lo! Nilidhani ni sisi wanawake tu tunaotukanwa hivyo. Kumbe na namba.

"Na hii yetu ni ya kabila gani?"

"Ndiyo nitazamayo. Mbili imekataa, kwa hiyo nne, sita na nane hazina haja ya kuulizwa. Tatu inaacha kimoja. Tano inaacha vinne. Saba inaacha kimoja." Aliendelea hivyo, akifuta na kuchora, jua likipanda. Kumi na moja iliacha vinane. Kumi na tatu, vinane. Kumi na saba, sita. Kumi na tisa ilinipa moyo, iliacha viwili tu, lakini viwili navyo ni salio. Alipofika thelathini na moja, ikaacha kumi na saba, akaweka kijiti chini.

"Mbona unaacha? Endelea! Jaribu hamsini, jaribu mia!"

"Hakuna haja. Thelathini na mbili kwa thelathini na mbili imeshapita idadi yetu. Nikienda mbele ya hapo, safu zenyewe zitakuwa chache kuliko thelathini na mbili, na uchache huo nimeshaujaribu. Ni kugeuza mkeka tu, upana ukawa urefu." Akafuta uso kwa kanzu. "Elfu moja na tisa ni tasa, Mama Rut. Haina safu. Haikuwa nayo tangu Mungu aumbe namba."

Akaenda kumwambia Bwana Safu. Nampa heshima yake Mwalimu Ezekia, kwa sababu alieleza ukweli wote, kwa mpangilio, bila kutetemeka sana. Bwana Safu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Namba ya namna hiyo labda iko kwenu. Katika nchi ya Kaisari haipo."

Mwalimu akashauri basi vipangwe safu moja tu ndefu. Bwana Safu alilifikiria hilo kwa dhati, akapima ufuko kwa macho, akaona mwisho wa safu ungefika kwenye malisho ya ng'ombe. Akakataa. Ukweli wote wa hesabu ukaishia hapo, haukumsaidia mtu hata nukta.

Wakati wanabishana mimi nilikuwa natembea kati ya vyungu, natafuta nisichokijua. Nikakiona. Safu ya tatu kutoka mwisho, katikati ya vyungu vyenye mistari myekundu na myeupe, kimekaa kimoja kikavu kisicho na alama yoyote. Chungu cha ziwa. Ukikitoa hicho, vinabaki elfu moja na nane. Na elfu moja na nane, hata mimi nisiyesoma nilikuwa nimeiona asubuhi nzima: kumi na mbili kwa safu ilikaa, kumi na sita ilikaa, tatu ilikaa, saba ilikaa. Chungu kilichokuwa kikibaki pembeni kila mara kilikuwa ni hiki, hata kama macho yaliona kingine.

Wala haikuwa kuiba. Hakikuwa cha serikali. Hakikuwa cha mtu yeyote. Mume wangu alitakiwa kusema maneno machache tu: Bwana, kimoja si cha kodi, mama yangu alikitoa kwa ziwa, tulisahau kukishusha.

Nikamkimbilia pale walipomfunga kwenye nguzo. "Baba Rut, ni chungu cha mama. Kimehesabiwa. Sema!"

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Najua tangu kumi na mbili kwa safu." Alisema kwa kunong'ona, akimtupia jicho Mwalimu. "Mama Rut, nyamaza. Nikisema hapa, Jumapili baraza la wazee litasikia. Watasema Lameck anabeba sadaka za mizimu katika mtumbwi wake. Mgongo utapona. Jina halitapona."

Nilimtazama. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma pia, siwezi kukataa, kwa sababu alikuwa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nilimfikiria Rut, mtoto wetu, akimwona baba yake ameletwa kwa machela. Nilimfikiria pia huyu mzee mtarajiwa wa kanisa, aliyeona aibu mbele ya mwalimu ni nzito kuliko gereza. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo, lakini mwanaharamu huyu alikuwa na kiboko mkononi na wala hapiti.

Nikageuka. Nikaenda safu ya tatu kutoka mwisho, nikakibeba kile chungu kichwani, nikatembea kuelekea maji.

"Wewe!" Bwana Safu alipiga ukelele. "Chungu cha serikali!"

"Si cha serikali!" Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. "Kitazame! Kina mstari? Kina rangi? Hiki ni cha ziwa. Mama mkwe wangu alikifinyanga kwa ajili ya ziwa, na kilikuja hapa kwa bahati mbaya kwa sababu wanaume walikuwa wanaimba. Karani wako amehesabu chungu cha ziwa, Bwana. Ukitaka kumpiga mtu, mpige anayehesabu mali isiyo yako!"

Karani akafungua mdomo aseme ndiyo, Bwana, akaufunga.

Nikaingia majini hadi kiunoni. Nikakiinamisha, kikanywa, kikazama. Nikasema "ndaga fijo," yaani asante sana, na nilisema kwa moyo, maana sikujua kama nitatoka pale na mgongo wangu mzima.

Askari walishaingia majini kunikamata, na Mwalimu Ezekia, Mungu ambariki, akapiga kelele, "Elfu moja na nane! Bwana, elfu moja na nane! Ishirini na nane kwa thelathini na sita!"

Mkono wa Bwana Safu ukabaki hewani. "Thelathini na sita?"

"Bila salio, Bwana. Au ishirini na nne kwa arobaini na mbili. Au kumi na nane kwa hamsini na sita. Yoyote utakayo. Hii ni namba pole kuliko zote nilizowahi kuziona."

Nimeona wanaume wakipendezwa na wanawake, na ng'ombe, na pombe ya ulezi. Sijaona uso kama ule. Aliwasahau askari, akanisahau mimi, akaanza kuwakimbiza wapagazi. Thelathini na sita kwa safu. Zilipokamilika alitembea kati ya zile safu mikono nyuma, polepole, na nadhani macho yalimlowa. Mkubwa wake alipofika alisifu sana. Bwana Safu akamweleza kwamba ilikuwa kazi ya kutumia akili. Lameck akafunguliwa, akarudishiwa kasia lake, akaambiwa asirudie tena kuiba.

Safari ya Ngana niliiacha. Tulipofika nyumbani mama mkwe alikuwa anapiga udongo. Habari zilishamfikia.

"Ulikishusha kwa jina la nani?" aliniuliza.

"La mgongo wa mwanao, Mama."

Akaendelea kupiga udongo. "Inatosha," alisema.

Kwangu mimi jambo lilikuwa limekwisha. Kumbe tulikuwa tumetoka kwa Bwana Safu mmoja tukaingia kwa wengine. Jumapili baraza la wazee liliniita. Kosa: mwanamke aliyebatizwa ametoa sadaka kwa ziwa, mchana, mbele ya watu wa mataifa. Mwalimu Ezekia alinitetea, akasema bila chungu kile mtu angefia kibokoni. Mzee Nsajigwa, ambaye mgongo wake haujawahi kukutana na kitu kigumu kuliko kitanda, akajibu kwamba mateso ni baraka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kisha wakamuuliza Lameck. Alijua kuwa kulikuwa na chungu cha namna hiyo katika mtumbwi wake?

Nilimtazama. Nilikuwa na hakika, unajua? Nilikuwa na hakika kabisa atasema.

Akakohoa. "Kazi yangu mimi ni kasia," alisema. "Mizigo ya wanawake siijui."

Sikusema kitu. Mimi, Tusekile, nisiyenyamazishwa na askari! Wakanifungia meza ya Bwana mpaka nitubu, na wiki hiyo hiyo wakamfanya Lameck mzee wa kanisa, kwa unyofu wake.

Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa kupanga viti. Washiriki wote tulikuwa mia moja na moja, na miaka yote tulikaa ovyo kama watu. Bila mimi walikuwa mia moja. Mume wangu akaweka mabenchi kumi, watu kumi kwa kila benchi, akasimama mlangoni kuyatazama, mikono nyuma. Nilijua niliiona wapi ile mikono. Mimi niliwekewa kigoda nyuma, karibu na mlango, na hapo nikakaa masika yote, Jumapili baada ya Jumapili. Nyumbani nilimpikia, nilimfulia, sikumtukana. Kila alipotaka kulizungumzia nilimwambia mizigo ya wanawake haijui.

Kiangazi kikarudi. Wanawake wakaanza tena kufinyanga. Jumapili moja ibada iko katikati, Lameck amesimama mbele anasoma matangazo, mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mkwe wangu. Hakuwahi kukanyaga kanisani maisha yake yote. Miguu ina udongo, na mkononi ana chungu kikavu, hakina mstari, hakina rangi.

Lameck akaacha kusoma. Kanisa zima likageuka nyuma.

Angetile hakuwa mtu wa kunong'ona. Alisema kama anavyosema ufukweni, kushindana na upepo.

"Ambilikile! Cha msimu huu hiki hapa. Mwaka jana nilikukabidhi kama hiki mkononi mwako, nikakwambia ukifika katikati ukishushe, ukaitikia 'ndiyo, Mama.' Ukamwachia mkeo akushushie. Mwaka huu nimpe nani?"

Mabenchi kumi yakageuka tena mbele. Mzee Nsajigwa alimtazama Lameck. Mwalimu Ezekia alimtazama Lameck. Lameck akafungua mdomo, na nilingoja kile kikohozi chake, lakini hakikuja.

Mama mkwe hakungoja jibu. Alitafuta pa kukaa, akaona safu zote zimejaa. Nikasogea ukingoni mwa kigoda changu, akakaa nusu, mimi nusu, chungu kikiwa magotini pake.